Sura ya Sita: Kitabu Huishi kwa Nakala

Kisomavitabu changu kilipasukia kwenye basi, kati ya Segera na Chalinze. Begi lilikuwa juu kwenye keria, na abiria mmoja akasukumiza sanduku lake palepale. Nilipofika Dar es Salaam jioni, nilikitoa nikakiwasha. Nusu ya juu ya kioo ilikuwa na mistari myeusi kama nyufa za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nusu ya chini ilikuwa imeganda kwenye ukurasa niliokuwa nausoma asubuhi ile. Niligusa kila pembe. Ukurasa haukugeuka.

Ndani mlikuwa na vitabu mia tatu na ushee: riwaya, kamusi, tenzi, vitabu vya kufundishia. Usiku ule nilikuwa nawaza kimoja tu, nacho hakijawahi kuuzwa duka lolote. Marehemu baba, alipostaafu, aliandika habari za maisha yake kwa mkono kwenye kaunta buku mbili. Mdogo wangu akazichapa kwenye kompyuta, kurasa tisini na mbili, akaniwekea kwenye kisomavitabu kwa waya nilipokwenda kumtembelea Muheza. Mwaka uliofuata kompyuta ile iliibiwa, na tulipofungua kabati kutafuta kaunta buku tukakuta mchwa wamekwishamaliza kazi. Nakala pekee ya maneno ya baba ilikuwa ndani ya kifaa kilichopasuka.

Sura hii nimemwandikia mtu aliyeshika mkononi kifaa kama kile. Namwomba ashike neno moja kabla ya yote: kifaa ni rafu tu. Kitabu huishi kwa nakala, na kuokoa maktaba huanza na kile kitabu ambacho hakina nakala nyingine.

Kioo kimekufa, roho ipo

Asubuhi yake nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa kijana aliyewahi kunitengenezea simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hiki."

Alikigeuzageuza, akakiinamisha kwenye mwanga. "Kioo cha hiki sina, na sidhani kama utakipata hapa Kariakoo. Lakini kilichokufa ni kioo, mwalimu. Roho yake ipo."

Akachomeka waya kwenye kompyuta yake. Baada ya muda mfupi diski mpya ikatokea, na ndani yake folda moja baada ya nyingine.

Kijana yule alikuwa amesema jambo la kitaalamu kwa maneno mepesi. Kioo cha kisomavitabu hakifanani na kioo cha simu. Kinatumia wino wa umeme, teknolojia iliyozaliwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kuingizwa sokoni na kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa mwaka 1997. Kioo kimejaa mamilioni ya vidonge vidogo mno, kila kimoja upana wake unakaribia ule wa unywele. Ndani ya kila kidonge mna chembechembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme ukipita, nyeupe hupanda na nyeusi hushuka, au kinyume chake, na hapo herufi hutokea. Zikishapanda hubaki zilipo bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo maana betri hudumu wiki nzima na zaidi, na ndiyo maana ukurasa wangu wa asubuhi ulikuwa bado unaonekana kwenye kioo kilichovunjika.

Chini ya tabaka hilo, katika vifaa vingi, kuna karatasi nyembamba ya kioo halisi iliyobeba saketi. Hiyo ndiyo inayopasuka. Kumbukumbu yenye vitabu iko kwingine, kwenye bodi iliyo nyuma, na mara nyingi haiguswi na pigo lililoua kioo.

Udhaifu huu umewasumbua watu wengi. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilipeleka visomavitabu katika shule za Ghana. Katika mradi wake wa kwanza mkubwa huko, takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika, na kioo kikawa mwiba mkubwa. Hata hivyo vitabu vyenyewe havikupotea, kwa sababu vilikuwa na makao mengine nje ya kifaa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua kilichokufa. Kama ni kioo, tumaini ni kubwa. Kama kifaa hakiwaki kabisa, huenda ni betri iliyokaa miezi bila chaji: kiache kwenye umeme kwa saa kadhaa, badilisha waya na kichwa cha chaji, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika au zaidi. Kama kimeingia maji, usikichaji. Kipeleke kwa fundi akifungue na kukikausha kwanza. Kama kinawaka na kujizima bila kufika mwisho, tatizo huwa ni programu, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Hatari hiyo ni ukarimu wa fundi mwenye haraka. Atakwambia, "Tukipige flashi, kitaamka." Kweli kitaamka, lakini kitaamka kama kilivyotoka kiwandani, kitupu. Kompyuta nayo inaweza kukuuliza kama ungependa kuifomati diski mpya. Jibu la maswali yote mawili ni hapana, mpaka utakapokuwa umetoa nakala. Kadhalika ukikirudisha kifaa dukani chini ya waranti: utapewa kingine kizima, na kile cha zamani kitakwenda na kila kilichokuwamo.

Mpangilio wa uokoaji

Wengi wetu tukipatwa na msiba huu hukimbilia kwanza vitabu tulivyovinunua, kwa kuwa ndivyo vilivyotutoa fedha. Fundisho langu ni kinyume. Kitabu ulichonunua kina nakala yake kwa muuzaji na kwa maelfu ya wasomaji wengine. Kinachoweza kufutika duniani ni vitu viwili: yale uliyoyaweka wewe mwenyewe kwa waya, na yale uliyoyaandika pembezoni mwa kurasa. Anza na hivyo.

Kisomavitabu cha Kindle kikiunganishwa na kompyuta, vitabu hukaa kwenye folda iitwayo documents. Humo mna pia faili dogo la maandishi liitwalo My Clippings.txt, linalohifadhi mistari yote uliyoipigia alama na maoni yako, pamoja na tarehe. Kobo, aina nyingine ya kisomavitabu, ina folda iliyofichwa iitwayo .kobo, na ndani yake faili la KoboReader.sqlite ndilo lenye alama na maoni. Kompyuta haionyeshi folda zilizofichwa mpaka uiambie, na wengi wamenakili vitabu vyote vya Kobo wakayaacha maandishi yao nyuma kwa kutojua.

Usichague. Nakili diski nzima kama ilivyo, ulete kwenye kompyuta, halafu nakala hiyo uiweke mahali pa pili kabla ya kugusa kitu. Kuchambua kutafuata.

Kuna vizuizi ninavyopaswa kuvitaja. Ukiwa umeweka namba ya siri kwenye Kindle, kompyuta haitaona kitu mpaka namba hiyo iingizwe kwenye kioo, na kioo ndicho kilichokufa. Kobo nayo huomba ruhusa kwenye kioo kabla ya kuungana. Inabidi uguse pale kitufe hutokea kwa kawaida, bila kukiona, na kama mguso haukuharibika kitaitikia. Baadhi ya Kobo za zamani, kama Kobo Touch na Kobo Glo, zina memori kadi ndogo ndani ya kifuniko iliyobeba kila kitu. Fundi anaweza kuichomoa na kuinakili moja kwa moja. Visomavitabu vingi vya karibuni kumbukumbu yake imelehemiwa kwenye bodi, na kazi hiyo ni ya mtaalamu.

Kule Kariakoo, faili la kwanza tulilolinakili lilikuwa la baba. Nilimwomba kijana alifungue nilione kwa macho. Likafunguka. Ukurasa wa kwanza baba anaeleza jinsi alivyotembea na viatu mkononi kwenda shule ili visiishe soli. Nilikaa kwenye kibao cha fundi nikausoma wote, naye akaniacha, akaendelea na simu za watu.

Vitabu ulivyonunua si vyako kama unavyodhani

Ukishaokoa kisicho na nakala, geukia akaunti. Vitabu vilivyonunuliwa dukani vimeandikwa kwenye akaunti yako, na kifaa kipya au programu ya simu ikiingia kwa akaunti ileile itavipakua upya. Kwa hiyo kilicho muhimu ni baruapepe na nywila. Nimekutana na watu waliopoteza vitabu vyao vyote huku kifaa kikiwa kizima, kwa sababu walijisajili kwa laini ya simu waliyoacha kuitumia, na ujumbe wa uthibitisho ukawa unakwenda kwa mtu mwingine. Hakiki leo kwamba akaunti yako inafunguka kwa anwani unayoitumia leo.

Lakini ni lazima niseme ukweli kuhusu akaunti hiyo. Unapobonyeza kitufe cha kununua, kwa kawaida unapewa ruhusa ya kusoma. Kitabu hufungwa kwa kufuli la kidijitali ambalo ufunguo wake anabaki nao muuzaji. Mambo matatu yaliyotokea yanatosha kuonyesha maana yake.

Mwezi Julai 2009 Amazon, wenye Kindle, iligundua kwamba nakala za vitabu viwili vya George Orwell, *1984* na *Animal Farm*, ziliuzwa kwenye duka lake na mtu asiyekuwa na haki navyo. Ikavifuta kutoka kwenye Kindle za wateja, kwa mbali, na kurudisha fedha. Mwanafunzi mmoja wa sekondari nchini Marekani alikuwa akisoma *1984* kwa ajili ya kazi ya shule. Kitabu kilipotoweka, maandishi yake yakabaki bila kurasa za kuegemea. Alikwenda mahakamani na shauri likamalizwa kwa makubaliano. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati ule, aliomba radhi hadharani.

Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Vitabu vyote vilivyouzwa humo viliacha kufunguka, na wateja walirudishiwa fedha zao. Waliokuwa wameandika maoni ndani ya vitabu waliongezewa dola 25. Hiyo ndiyo bei ambayo kampuni iliweka juu ya fikra za msomaji.

Na tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa kwenye tovuti yake njia ya kupakua kitabu cha Kindle kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Aliyekuwa na desturi ya kujiwekea nakala kwa njia hiyo alibaki na zile alizozichukua kabla ya siku hiyo.

Sikushauri kuvunja kufuli. Nchi nyingi zinakataza kwa sheria, na mwandishi anastahili jasho lake. Nakushauri kuchagua mahali pa kununua. Wapo wachapishaji wanaouza vitabu visivyo na kufuli. Tor, wachapishaji wakubwa wa riwaya za kubuni sayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao mwaka 2012 na wameendelea kuuza. Wapo pia waandishi wetu wanaouza PDF au EPUB moja kwa moja kwa msomaji, naye hulipa kwa simu. Ukipewa faili, faili ni lako la kutunza. Na viko vitabu vilivyo huru kabisa. Michael Hart alianzisha Project Gutenberg tarehe 4 Julai 1971 kwa kuchapa waraka mmoja kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois. Leo hazina ile ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuvinakili. African Storybook nayo ina hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, chini ya leseni inayoruhusu kunakili na kugawa.

Vitabu vyangu kumi na kimoja sikuvipata. Nilivinunua kwenye duka dogo la mtandaoni ambalo sasa limefungwa, na kufuli lake lilihitaji kuthibitishwa na mtambo uliokwishazimwa. Mafaili ninayo mpaka leo. Hayafunguki.

Makao mapya

Mafaili yakishafika kwenye kompyuta yanahitaji mpangilio, maana jina la faili mara nyingi ni mlolongo wa herufi na tarakimu. Programu inayotumiwa na wasomaji dunia nzima kwa kazi hii ni Calibre, nayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Kovid Goyal, kijana kutoka India. Sony walikuwa wametoa kisomavitabu cha PRS-500, naye akakuta hakifanyi kazi na kompyuta yake ya Linux. Akaandika programu yake mwenyewe. Calibre huyasoma mafaili, huyatafutia jina la mwandishi na jalada, kisha huyapanga kwenye folda: mwandishi, halafu kitabu. Folda hizo unaweza kuzifungua hata bila Calibre. Ukitaka kuhama, unanakili folda moja kubwa na maktaba yote imehama.

Kama una uhuru wa kuchagua muundo wa faili, chagua EPUB. Ni muundo wa wazi, uliokubaliwa na wachapishaji mwaka 2007, na ndani yake ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja kwenye faili la zipu. Kampuni ikifa, kitabu cha EPUB kisicho na kufuli bado kitasomeka. Miundo inayomilikiwa na kampuni moja haina uhakika huo. MOBI, uliotoka kwa kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket na kununuliwa na Amazon mwaka 2005, ulikuwa kila mahali. Leo umewekwa kando hata na mmiliki wake.

Halafu weka nakala kwa kanuni ambayo mpigapicha wa Marekani Peter Krogh aliieneza: tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kila kitu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikae nje ya nyumba yako. Kwa maktaba ya vitabu kanuni hii ni rahisi kuitimiza. Kitabu cha maneno matupu mara nyingi hakifiki megabaiti mbili. Vitabu elfu moja huingia kwenye flashi unayoweza kuivaa shingoni. Moja ikae kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski ya nje, ya tatu kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, au kwa ndugu aliye mji mwingine. Mwizi akichukua kompyuta, mchwa wakila kabati, moto ukishika nyumba, ya tatu ipo.

Na andika orodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Calibre hutoa orodha ya vitabu vyote kwa kubonyeza mara chache. Ichapishe kwenye karatasi, uandike na duka ulikonunua kila kitabu na anwani ya akaunti. Siku kifaa kitakapokufa hutalazimika kukumbuka ulikuwa na nini.

Wanakili waliotutangulia

Babu zetu wa pwani walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Katika Kiswahili cha kale kitabu kiliitwa chuo, na chuo kilipita mkononi mwa mtu kwa kunakiliwa kwa kalamu ya tete, herufi moja baada ya nyingine, kwa hati za Kiarabu. Hewa ya Lamu na Pate ina chumvi na unyevu, na wadudu hawamwogopi mshairi. Karatasi ya kwanza ya utenzi haikutegemewa kudumu. Kilichotegemewa ni kwamba, kabla haijaoza, mtu mwingine atakuwa ameinakili.

*Chuo cha Herekali*, utenzi wa Mwengo wa Athumani wa Pate wa karne ya 18, umetufikia kwa njia hiyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake hadi uzeeni. Nakala zake nyingine ziko London, nyingine Hamburg. Mnakili hakujua ipi itapona. Alifanya kazi yake, wakati ukachagua.

Hatuna tena sababu ya kuloweka kalamu. Kazi iliyomchukua Kijuma wiki nyingi, sisi twaifanya kwa sekunde. Kilichopungua ni ile hofu yake njema, ya kujua kwamba chombo kitaoza na hivyo ni lazima neno lihame kabla. Sisi tunaona kioo kinang'aa tukadhani kitang'aa daima.

Kumbukumbu za baba sasa ziko kwenye kompyuta yangu, kwenye flashi iliyo kwa mdogo wangu Muheza, kwenye wingu, na kwenye simu za wajukuu zake wanne. Nakala moja nimeichapa na kuipeleka kwa fundi wa kuunganisha vitabu, ikatiwa jalada gumu la kijani. Nilimpelekea pia kijana wa Mtaa wa Aggrey nakala yake, kwa kuwa aliniomba.

Ndugu msomaji, kama kifaa chako bado ni kizima, usiku huu chomeka waya. Tafuta kile kitabu ambacho ukikipoteza hakuna duka litakalokurudishia, ukinakili mara tatu, na nakala ya tatu umpe mtu anayekaa mbali nawe.